Mkaazi ni Nani? Ada za Vyuo vya Umma Marekani na Wanafunzi Wasio na Hati

Makala haya yanahusu ada za vyuo, lakini yameletwa katika jarida hili la lugha kwa sababu ugomvi wote tutakaoueleza umejengwa juu ya neno moja. Neno hilo ni "mkaazi". Katika majimbo ya Marekani, mwanafunzi anayekubalika kuwa mkaazi wa jimbo hulipa kiasi fulani katika chuo cha umma. Asiyekubalika hulipa mara mbili, mara tatu au hata zaidi. Je, kijana aliyeletwa nchini na wazazi wake akiwa na umri wa miaka minne, akasoma shule za hapo tangu chekechea hadi mwisho wa sekondari, ila hana hati ya kuishi nchini, ni mkaazi au si mkaazi? Mabunge na mahakama za huko zimelijibu swali hilo kwa namna zinazopingana kwa zaidi ya miaka 40.

Tumeona vema kulieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu wanafunzi wetu wa kozi ya tafsiri hukutana nalo mara kwa mara katika matini za magazeti, na wengi hufasiri maneno bila kujua yanasimama badala ya nini. Aidha, wapo wahitimu wa Kiswahili kutoka Uganda na nchi jirani wanaofanya ukalimani miongoni mwa familia za Wakongo zilizopelekwa Marekani kutoka makambi kama Nakivale na Kyangwali. Mkalimani akiketi na mzazi mbele ya fomu ya chuo, na fomu ikauliza juu ya ukaazi, jibu moja linaweza kugharimu maelfu ya dola. Jibu lisilo la kweli likitiwa sahihi linaweza kugharimu zaidi ya hapo.

(Tunaandika "mkaazi" na "ukaazi" kwa sababu ndivyo zinavyosomeka hati nyingi za serikali katika eneo letu, kama vile kibali cha ukaazi. Wanaopendelea "mkazi" hawajakosea.)

Ada mbili katika chuo kimoja

Msomaji wa Afrika Mashariki anatakiwa kwanza aelewe jambo ambalo kwake litakuwa geni. Nchini Marekani elimu ya juu ya umma ni mali ya jimbo, si ya serikali kuu. Chuo Kikuu cha Texas ni cha jimbo la Texas, na kinasaidiwa na kodi za watu wa Texas. Kwa hiyo anayetoka Oklahoma, hata kama ni raia wa Marekani kwa kuzaliwa na babu zake wote wamezikwa huko, akija Texas kusoma ni mtu wa nje na hulipa ada ya mtu wa nje. Ni kama mwanafunzi wa Gulu kuambiwa alipe mara tatu akija kusoma Kampala, kwa kuwa wazazi wake hawalipi kodi Kampala.

Tofauti yenyewe si ndogo. Katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, katika miaka ya karibuni mwanafunzi mkaazi wa shahada ya kwanza ametozwa kama dola 11,000 hivi kwa mwaka, na wa nje dola 40,000 na kuendelea. Katika Chuo Kikuu cha California mtu wa nje huongezewa zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka juu ya ada ya kawaida. Hapo hatujahesabu chumba, chakula wala vitabu.

Tofauti hii ndiyo inayomsumbua mwanafunzi asiye na hati. Majimbo mengi hayamkatazi kuingia chuoni. Humwambia tu, "Karibu, ila ulipe ada ya mgeni." Yeye hastahili msaada wa fedha wala mkopo wa wanafunzi kutoka serikali kuu, hana kibali cha kufanya kazi, na mara nyingi wazazi wake ni vibarua wa mashambani, wapishi au wafagiaji. Kwa mtu huyo ada ya mgeni haina tofauti na mlango uliofungwa.

Kesi ya watoto walioitwa Fulani

Kabla ya vyuo, ugomvi ulianza katika shule za msingi. Mwaka 1975 Bunge la Texas lilipitisha sheria iliyoondoa fedha za jimbo kwa ajili ya watoto wasiokuwemo nchini kihalali, na kuziruhusu wilaya za shule ziwakatae. Mwaka 1977 bodi ya shule ya mji wa Tyler iliamua kuwatoza watoto hao dola 1,000 kwa mwaka. Wazazi wengi walikuwa wafanyakazi wa mashambani na viwandani kutoka Mexico. Hawakuweza kuilipa, na watoto wakabaki nyumbani.

Baadhi ya familia zilikwenda mahakamani. Kwa kuwa zilihofia kufukuzwa nchini, majina yao yalifichwa na wote wakaitwa Doe. Wenzetu wa isimu watapenda kujua kwamba "Doe" katika mahakama za Kiingereza hufanya kazi ile ile ya "Fulani" katika Kiswahili: ni jina la mtu ambaye jina lake halitajwi. Upande wa pili ulikuwa na James Plyler, msimamizi wa shule za Tyler. Hivyo kesi inayotajwa katika kila kitabu cha sheria kama Plyler dhidi ya Doe ingeweza kuitwa kwetu Plyler dhidi ya Fulani. Jaji wa kwanza kuisikiliza aliianza alfajiri, ili familia hizo zisionwe na watu wengi. Jaji huyo aliitwa William Wayne Justice. Jina lake la ukoo maana yake ni "haki", na si sisi tuliolibuni.

Kesi ilipofika Mahakama ya Juu ya Marekani, uamuzi ulitolewa tarehe 15 Juni 1982 kwa kura tano dhidi ya nne. Jaji William Brennan aliandika kwa niaba ya walio wengi kwamba jimbo haliwezi kuwaadhibu watoto kwa kosa la wazazi wao, na kwamba kuwanyima elimu ni kutengeneza tabaka la kudumu la watu wasiojua kusoma ndani ya nchi. Waliopinga, wakiongozwa na Jaji Mkuu Warren Burger, hawakusema kuwa sera ya Texas ilikuwa nzuri. Walisema ni ya kipumbavu pengine, lakini kurekebisha upumbavu wa sera ni kazi ya wabunge, si ya majaji. Tunaitaja hoja hii kwa sababu hadi leo ndiyo hoja yenye nguvu zaidi ya upande huo.

Uamuzi wa 1982 ulihusu shule za msingi na sekondari tu. Haukusema neno juu ya vyuo. Hivyo likazaliwa jambo la ajabu: mtoto alisomeshwa bure kwa miaka 12 au 13 kwa amri ya mahakama, na siku alipohitimu, serikali ile ile iliyomsomesha ikamwuliza yeye ni nani.

California ilijaribu kulijibu swali hilo mapema. Mwaka 1985 mahakama moja ya jimbo iliamua, katika kesi ya mwanafunzi aliyetajwa kwa jina la Leticia A. tu, kwamba asiye na hati anaweza kuhesabiwa mkaazi kama wengine. Mwaka 1990 mahakama nyingine ikaamua kinyume. Katika miaka hiyo mitano vijana wa nyumba moja waliweza kulipa ada tofauti kwa kutegemea mwaka waliohitimu.

Kifungu cha 1996

Mwaka 1996 Kongresi ya Marekani iliingilia kati. Sheria ya uhamiaji iliyotiwa sahihi na Rais Bill Clinton tarehe 30 Septemba mwaka huo ina kifungu, cha 505, ambacho tungependa kila mwanafunzi wa tafsiri akisome kwa makini. Kwa ufupi kinasema: mgeni asiyekuwemo nchini kihalali hatastahili kupata manufaa yoyote ya elimu ya juu kwa msingi wa ukaazi wake katika jimbo, isipokuwa kama raia wa Marekani anastahili manufaa hayo hayo bila kujali kuwa yeye ni mkaazi au la.

Msomaji wa haraka ataona kifungu hiki kinakataza kabisa ada nafuu kwa wasio na hati, na walioitunga sheria hiyo yaelekea ndivyo walivyokusudia. Lakini sheria husomwa kwa maneno yaliyomo. Maneno yaliyomo ni "kwa msingi wa ukaazi". Je, kama nafuu ya ada itatolewa kwa msingi mwingine? Na je, kama raia wa majimbo mengine nao watakuwa na njia ya kuipata?

Mwaka 2001 majimbo mawili makubwa yalipita katika mwanya huo, kila moja kwa njia yake. La kwanza lilikuwa Texas, lile lile lililoshindwa mwaka 1982. Gavana Rick Perry, wa chama cha Republican, alitia sahihi mwezi Juni sheria iliyoungwa mkono na wabunge wengi wa vyama vyote viwili. California ilifuata mwezi Oktoba, kwa sheria inayojulikana kama AB 540, iliyowasilishwa na mbunge Marco Antonio Firebaugh na kutiwa sahihi na Gavana Gray Davis.

Kwa mbali sheria hizi mbili zinafanana kama mapacha. Zote zilitaka mwanafunzi awe na miaka mitatu jimboni, awe amehitimu sekondari au kupata cheti kinacholingana nayo, na atie sahihi hati ya kiapo kwamba ataomba kuhalalisha hali yake mara tu atakapopata nafasi kisheria. Tofauti yao imo katika kitenzi. Sheria ya Texas ilimtaka mwanafunzi awe ameishi Texas, na kwa sababu hiyo ikamhesabu kuwa mkaazi. Sheria ya California ilimtaka awe amesoma sekondari California, na haikumwita mkaazi hata kidogo. Ilisema tu kuwa mtu wa namna hiyo amesamehewa ada ya mtu wa nje. Kuishi na kusoma: kwa kijana wa kawaida ni maisha yale yale. Mbele ya sheria ni misingi miwili tofauti.

Walioandika sheria ya California walijua walichokuwa wakifanya. Fikiria binti aliyesoma sekondari Los Angeles kwa miaka mitatu, wazazi wake wakahamia Nevada, kisha yeye akarudi kusoma chuo. Si mkaazi wa California, lakini AB 540 inamhusu. Fikiria pia kijana wa Oregon aliyesomeshwa bweni California. Raia wa namna hii ni wengi. Katika Chuo Kikuu cha California walionufaika na sheria hiyo mara nyingi walikuwa raia au watu wenye hati kuliko wasio nazo. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kirahisi kwamba asiye na hati amepewa kitu ambacho raia amenyimwa.

Hoja hiyo ilijaribiwa mahakamani. Kundi la wanafunzi raia kutoka majimbo mengine, waliokuwa wakilipa ada kamili ya watu wa nje, walishitaki, na mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya jimbo ilikubaliana nao: kusoma miaka mitatu, ilisema, ni jina jingine la ukaazi. Tarehe 15 Novemba 2010 Mahakama ya Juu ya California, kwa kauli moja, iliutengua uamuzi huo. Jaji Ming Chin alieleza kuwa kazi ya mahakama si kuamua kama sera ni nzuri, bali kama sheria imetumia msingi uliokatazwa, na kusoma sekondari si ukaazi. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuisikiliza rufaa.

Hatujui mfano bora wa kuwapa wanafunzi wanaodhani kwamba visawe vinaweza kubadilishana nafasi popote.

Majimbo mengine, na siku moja ya Juni

Baada ya 2001 majimbo yaligawanyika. Mengi yalifuata mfano wa Texas na California, yakiwemo yenye wapiga kura wa mrengo wa kulia kama Utah na Kansas. Florida iliingia mwaka 2014. Mengine yalikwenda upande wa pili. Arizona ilipiga kura ya maoni mwaka 2006 kuwakatalia wasio na hati ada ya wakaazi, kisha mwaka 2022 wapiga kura hao hao wakabatilisha msimamo wao kwa tofauti ndogo ya kura. Georgia, tangu uamuzi wa bodi ya vyuo vyake mwaka 2010, imewafungia wasio na hati vyuo vyake vikuu vinavyogombewa zaidi, hata wakiwa tayari kulipa ada kamili. Mwaka 2025 ulipoanza, majimbo zaidi ya 20, pamoja na mji mkuu Washington, yalikuwa na utaratibu wa kuwapa ada nafuu.

Serikali kuu nayo ilijaribu na kushindwa. Maseneta Orrin Hatch na Dick Durbin, wa vyama viwili tofauti, waliwasilisha mwaka 2001 muswada wa kuwapa vijana hawa njia ya kupata hati. Desemba 2010 ulipata kura 55 katika Seneti, nyingi kuliko za wapinzani, lakini 60 ndizo zilizohitajika ili mjadala ufungwe. Juni 2012 Rais Barack Obama alianzisha mpango wa kuahirisha kufukuzwa kwa walioletwa utotoni na kuwapa vibali vya kazi vya miaka miwili miwili. Mpango huo haukuwapa ukaazi wa kudumu, na tangu 2017 umekuwa ukivutwa huku na huku mahakamani.

Kwa miaka mingi Texas ilishikilia sheria yake. Katika mdahalo wa wagombea urais wa chama chake mwezi Septemba 2011, Perry aliwaambia wapinzani wake kwamba anayetaka kuwanyima elimu watoto walioletwa bila hiari yao hana moyo wa huruma. Kauli hiyo ilimgharimu sana, na siku chache baadaye alikiri kuwa hakuchagua neno linalofaa. Sheria yenyewe hakuikana.

Ilianguka tarehe 4 Juni 2025. Mwezi Aprili mwaka huo Rais Donald Trump alikuwa ametoa amri ya kuzipinga sheria za majimbo zinazowapendelea wageni wasio na hati, na ada za vyuo zilitajwa humo. Siku hiyo ya Juni Wizara ya Sheria ya Marekani ilifungua kesi dhidi ya Texas. Saa chache baadaye Mwanasheria Mkuu wa Texas, Ken Paxton, badala ya kuitetea sheria ya jimbo lake, alikubaliana na mlalamikaji, na jaji akaitangaza kuwa imekufa. Sheria iliyodumu miaka 24 ilizikwa kabla ya magazeti ya jioni. Wanafunzi waliohusika hawakuwemo mahakamani. Wengine waliomba baadaye waruhusiwe kuingia kesini ili wajitetee.

Hapa inafaa tuwe waangalifu. Si sahihi kusema Texas ilishindwa kwa sababu ya neno "mkaazi" peke yake, maana hapakuwa na aliyebishana. Lakini neno hilo ndilo lililofanya kesi iwe nyepesi kuandika. Sheria ilisema wazi kuwa inatoa nafuu kwa msingi wa ukaazi, na kifungu cha 1996 kinakataza jambo hilo hilo kwa maneno hayo hayo. Florida kwa upande wake iliifuta sheria yake yenyewe, kuanzia Julai 2025. Katika mwaka huo huo serikali kuu ilizishitaki pia Kentucky, Minnesota, Oklahoma na Illinois, na mwezi Novemba ikaigeukia California. Oklahoma ilikubali kushindwa kama Texas.

Upande wa haki

Wasomaji watatuuliza sisi tunasimama wapi. Hoja ya wanaopinga inastahili kusikilizwa: mtu amevunja sheria ya mipaka, kisha jamaa yake anapata nafuu ambayo raia wa jimbo la jirani haipati. Wanafunzi wetu wanaokwenda Marekani kwa viza ya masomo nao wana la kusema. Hao huingia kwa njia halali, huonyesha akaunti za benki, na hulipa ada ya mtu wa nje hadi senti ya mwisho.

Hata hivyo tunaona ulinganisho huo haukai sawa. Anayetoka Kampala kwenda Austin ana kwao pa kurudi, na shule iliyomlea iko huku. Kijana tunayemzungumzia hana shule nyingine wala mji mwingine anaoujua. Wazazi wake hulipa kodi ya mauzo kila wanaponunua mkate, na kodi ya nyumba ndani ya pango wanalolipa. Ndizo kodi zinazoendesha chuo. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alishapewa jembe zamani na analima. Kinachobishaniwa ni kama atakaa mezani chakula kikiiva.

Na tusiikuze mno nafuu yenyewe. Ada ya mkaazi si elimu ya bure. Haimpi mwanafunzi kibali cha kazi wala haimzuii afisa wa uhamiaji. Katika baadhi ya majimbo tu, California ikiwa mojawapo kwa sheria za mwaka 2011, anaweza kupata msaada wa fedha wa jimbo. Akihitimu uuguzi au ualimu anaweza kukuta leseni ya kazi imemkwama. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya California ilimruhusu mhamiaji mmoja asiye na hati kuwa wakili, baada ya bunge la jimbo kutunga sheria mahususi.

Maneno yanayochanganywa

Tunarudi sasa kwenye kazi yetu. Kiswahili kina maneno mengi mazuri ya kumtaja mtu na mahali alipo: mwenyeji, mzawa, mwananchi, raia, mkaazi, mlowezi, mgeni, mhamiaji, mkimbizi. Zanzibar hata wana hati rasmi, kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kinachoonyesha kuwa kuwa Mzanzibari na kuwa mkaazi ni mambo mawili. Utajiri huu una hatari yake, kwa maana katika mazungumzo tunayachanganya bila kujali.

Mkimbizi aliyepelekwa Marekani kwa mpango rasmi ana hati tangu siku anayotua. Wakongo walikuwa miongoni mwa makundi makubwa zaidi yaliyopokewa kwa njia hiyo katika miaka ya 2010 na 2020, hadi mpango ulipositishwa Januari 2025. Mtoto wa familia hiyo akishakaa jimboni muda unaotakiwa huomba ada ya mkaazi kama jirani yake. Sheria hizi zote tulizozieleza hazimhusu. Mkalimani akimwita "mhamiaji asiye na hati" kwa kuwa kitambulisho chake kimepotea, amemtumbukiza mahali asipostahili. Vilevile mtu mwenye viza ya masomo ana hati lakini si mkaazi. Na yule aliyeingia kwa viza halali akiwa mtoto, viza ikaisha wazazi wakabaki, hana hati ingawa hakuvuka mpaka kwa siri. Wapo watoto wa Afrika Mashariki katika kundi hili la mwisho, na aghalabu hugundua hali yao siku ya kujaza fomu za chuo.

Fomu inapouliza "Wewe ni mkaazi?", mkalimani asiharakishe kusema "Ndiyo, anaishi hapa." Aulize kwanza fomu inamaanisha ukaazi upi: wa jimbo kwa ajili ya ada, au ukaazi wa kudumu wa uhamiaji. Kiingereza cha fomu hizo hutumia neno moja kwa mambo yote mawili. Anayetia alama ya ukaazi wa kudumu ilhali hanao anaweza kushitakiwa kwa kusema uongo. Katika tafsiri tunapendekeza "mkaazi wa jimbo" kwa maana ya kwanza na "mkaazi wa kudumu" kwa ya pili, na kila mara neno la pili lisiachwe.

Limebaki neno gumu kuliko yote. Magazeti yetu na redio zetu zimezoea kusema "wahamiaji haramu". Neno "haramu" kwa asili ni la dini. Hutaja kinachokatazwa na Mungu, na likikaa karibu na mtoto humkumbusha kila msikilizaji tusi tunalolijua wote. Kumwita hivyo kijana aliyebebwa mgongoni kuvuka mpaka ni kutoa hukumu ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani yenyewe ilikataa kuitoa mwaka 1982. Shirika la habari la Associated Press liliamua Aprili 2013 kuacha kumwita mtu haramu, na kulibakiza neno hilo kwa vitendo tu. Wazungumzaji wa Kiswahili wa Bujumbura na Bukavu, kwa kuathiriwa na Kifaransa, husema "mtu asiye na karatasi", na kwa maoni yetu wametushinda kwa uwazi.

Wapo wenzetu wanaosema kuwa "asiye na hati" ni neno la kupaka asali, maana huficha kwamba sheria imevunjwa. Tumeisikia hoja hiyo. Jibu letu ni kwamba "asiye na hati" hutaja kinachokosekana, na msomaji anaweza kujiamulia mengine. Katika kozi ya tafsiri ya muhula ujao tutatumia "mhamiaji asiye na hati" katika matini zote, na "kuingia nchini kinyume cha sheria" pale ambapo matini chanzi inazungumzia kitendo. Mwenye pendekezo bora, hasa kwa kutofautisha aliyeingia bila viza na ambaye viza yake imeisha, alete kwa mhariri kabla ya toleo lijalo. Mpaka sasa Kiswahili hakina neno moja moja kwa watu hawa wawili.